Pesa ya bahasha si haki, hata mchezaji mwenyewe akiifurahia

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, vijiwe vya soka vya Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, hurudia hoja ile ile: kwamba ligi yetu imekuwa ya timu mbili, na kwamba dawa yake ni kuweka ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho kila klabu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake. Hoja hiyo ina msingi. Tangu Azam FC ilipotwaa ubingwa msimu wa 2013/14, hadi mwisho wa msimu wa 2024/25 kombe halikuwahi kutoka mikononi mwa Simba na Yanga. Mimi si mpinzani wa ukomo. Hata hivyo, naamini kwamba tukiuweka leo hautafika popote, kwa sababu wachezaji kadhaa ninaowafahamu tayari hupokea sehemu ya riziki yao nje ya mkataba, mahali ambapo hakuna ukomo unaoweza kufika.

Nilijifunza jambo hili ndani ya familia. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alisajiliwa na klabu ambayo sitaitaja jina. Mkataba wake ulisema mshahara ni shilingi 450,000 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi, baada ya mazoezi, mtu wa mfadhili alimsubiri getini na bahasha ya kaki yenye jina lake lililoandikwa kwa kalamu nyekundu, na ndani yake mlikuwa na shilingi 650,000. Kwa pesa hizo alipanga nyumba Tabata, akamhamishia mama yake huko. Kisha akachanika ligamenti ya goti. Klabu iliendelea kumlipa mshahara wa kwenye mkataba hadi msimu ulipokwisha, lakini bahasha ilikoma mwezi ule ule alioacha kucheza, na simu ya mfadhili haikupokelewa tena.

Siku tulipoketi kupanga namna ya kudai haki yake, alitandika karatasi zote juu ya meza. Nilipomuuliza kwa nini hakutaka pesa ile iandikwe, alijibu kwa sauti ya chini: "Kaka, niliogopa. Waliniambia ikiandikwa itakatwa kodi, na wenzangu wakiiona watadai na wao."

Maneno hayo yamenikaa kichwani tangu siku ile, hasa ile sehemu ya mwisho, kwa sababu yanaeleza pesa ya pembeni inafichwa dhidi ya nani. Hufichwa dhidi ya mamlaka, ndiyo, lakini hufichwa pia dhidi ya mlinzi wa pembeni anayekimbia dakika tisini zile zile kwa nusu ya kipato, na dhidi ya timu pinzani inayodhani inashindana na kikosi chenye gharama inayofanana na ya kwake.

Wenzetu wenye ukomo wa mishahara wamekwisha kuyaona haya. Katika raga ya Uingereza, klabu ya Saracens ilibainika mwaka 2019 kuwa ilivuka ukomo kwa misimu mitatu mfululizo, kuanzia 2016/17, wakati ukomo wenyewe ulikuwa pauni milioni 7. Njia iliyotumika haikuwa bahasha bali kampuni: mmiliki wa klabu aliwekeza pamoja na baadhi ya wachezaji, na klabu ikajitetea kwamba uwekezaji si mshahara. Jopo lililosikiliza shauri lilikataa utetezi huo, likaitoza klabu faini ya zaidi ya pauni milioni 5 na kuikata pointi 35, na msimu huo ukaishia kwa klabu kushushwa daraja. Adhabu hiyo ni nzito, lakini najiuliza ilimfikia nani. Exeter Chiefs walikuwa wamefungwa na Saracens hao hao katika fainali za ligi za mwaka 2018 na 2019, zote mbili zikiwa ndani ya misimu iliyokutwa na hatia, na makombe yale hayakuondolewa kabatini mwa Saracens.

Australia walichukua njia kali zaidi. Mwaka 2010 ilipogundulika kwamba Melbourne Storm, klabu ya raga, walikuwa na vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha kuonyesha wakuu wa ligi na kingine cha malipo halisi, walinyang'anywa ubingwa wa 2007 na wa 2009, na wakalazimika kumaliza msimu wakicheza bila kupata pointi hata moja. Fikiria kijana aliyejiunga na timu hiyo mwaka huo huo, ambaye hakupokea senti ya siri, akiingia uwanjani kila wiki akijua kwamba ushindi wake hauhesabiki. Na ubingwa ulioondolewa haukukabidhiwa kwa walioshindwa fainali. Uliachwa bila mwenyewe. Deni la pesa iliyofichwa hulipwa na watu ambao hawakuila.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba malipo ya pembeni ni jambo la siri kati ya mchezaji na anayempenda. Mchezaji mwenyewe ndiye aliye hatarini zaidi. Katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Joe Smith alikubali kuchezea Minnesota Timberwolves kwa mkataba mdogo kuliko thamani yake, kwa sababu kulikuwa na makubaliano ya siri kwamba baadaye angepewa mkataba mkubwa sana. Siri ilipofichuka mwaka 2000, timu ilitozwa faini ya dola milioni 3.5 na kupoteza baadhi ya nafasi zake za kuchagua chipukizi, na mkataba wa Smith ukafutwa. Pesa aliyokwisha kuisamehe kwa kutegemea ahadi hakurudishiwa. Kati ya mamilioni ya Marekani na shilingi 650,000 za Tabata kuna umbali mkubwa, lakini nikiwaweka wawili hao pamoja naona jambo moja: kila mmoja alitoa jasho lake leo kwa ahadi ambayo hangeweza kuidai mbele ya mtu yeyote.

Wapo watakaonijibu kwamba ukomo wenyewe ndio dhuluma, kwa kuwa humzuia mchezaji kupata thamani yake ndani ya miaka michache ambayo mwili wake unaruhusu. Hoja hii naiheshimu, na kwa sehemu naikubali. Ndiyo maana sisemi kwamba kila malipo nje ya ukomo ni haramu. Ligi ya soka ya Marekani, MLS, ilibadili kanuni mwaka 2007 ili David Beckham aweze kulipwa zaidi ya ukomo, na kila klabu ikajua kwamba nayo ina nafasi kama hiyo. Sisi wenyewe tuna mfano ulio bora zaidi. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba au Yanga katika mashindano ya Afrika, na baadaye akaongeza kiwango. Pesa hizo hazikuwa kwenye mkataba wa mchezaji yeyote, lakini zilitangazwa kabla ya mechi, zilihusu timu zote mbili kwa kipimo kimoja, na zilikabidhiwa hadharani. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba zimeharibu ushindani.

Panapokuwa pagumu ni kwenye matangazo ya biashara. Kanuni za ligi ya raga ya Australia huruhusu mchezaji kulipwa na kampuni ya nje, kwa sharti kwamba klabu yenyewe isimhakikishie mchezaji malipo hayo. Sharti hilo ni zuri, lakini kwetu mfadhili wa timu, mwenye kampuni na anayetafuta sura ya kuweka kwenye bango mara nyingine ni mtu mmoja, na sidhani kwamba kumkataza kutangaza biashara yake kutasaidia. Kipimo ninachoona kinafaa ni kuuliza kama mchezaji yule angelipwa kiasi kile kile akiwa amevaa jezi ya timu nyingine. Ikiwa jibu ni hapana, basi ule ni mshahara, na uandikwe kama mshahara.

Kuandikwa huko si urasimu. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa mshahara wa kwenye karatasi, mdogo wangu alikuwa akiwekewa shilingi 90,000 kwa mwezi; kama kipato chake chote kingeandikwa, angewekewa 220,000. Kanuni za FIFA nazo humruhusu mchezaji kuvunja mkataba kwa sababu halali asipolipwa mishahara ya miezi miwili, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15, na fidia huanzia kwenye thamani iliyobaki ya mkataba. Bahasha haina thamani iliyobaki. Kwa hiyo, kabla Bodi ya Ligi na shirikisho letu la soka, TFF, hazijafikiria ukomo wowote, ningependa zidai kwanza kwamba kila shilingi anayoahidiwa mchezaji, iwe mshahara, posho ya nyumba, bonasi au dau la usajili, iingie kwenye mkataba unaosajiliwa, na kwamba mfadhili anayelipa pembeni aadhibiwe yeye na viongozi waliojua, kabla ya kuadhibiwa vijana waliovaa jezi.

Goti la mdogo wangu halikurudi kama zamani. Siku hizi jioni hufundisha watoto kwenye uwanja wa vumbi karibu na kwao, na mwezi uliopita mmoja wa vijana wake alimletea mkataba wa kwanza wa maisha yake. Aliusoma wote, akamuuliza iko wapi ile posho ya nyumba aliyoisikia. Kijana akasema kwamba hilo wamekubaliana kwa mdomo. Mdogo wangu alikunja karatasi, akamrudishia, akamwambia: "Mwanangu, warudishie waiandike, halafu ndiyo uweke saini."