Plazma kwenye chumba cha upasuaji: sifa ni ya nani?

Ukipitisha umeme kati ya elektrodi mbili zilizozama kwenye maji ya chumvi, mwanzoni maji huchemka tu. Volti zikipanda hadi mia mbili, tatu hivi, mkondo ukigeuka takriban mara laki moja kwa sekunde, ncha ya elektrodi hufunikwa na utando mwembamba wa mvuke. Umeme hupenya mvuke huo na kuugeuza plazma, yaani gesi yenye chembe za umeme (si ile plazma ya damu). Hapo huonekana mwanga wa manjano ya chungwa, kama wa taa za zamani za barabarani, maana inayong'aa ni sodiamu ya chumvi, ile ile ya taa hizo.

Wauzaji wa koblesheni, mbinu ya kukata nyama ya mwili kwa plazma iliyochipuka Marekani miaka ya 1990, husema plazma hiyo huvunja vifungo vya molekuli bila kuunguza nyama: nyuzijoto 40 hadi 70, ilhali kisu cha umeme cha kawaida huvuka 400. Dai lina msingi, kwani radikali za haidroksili, vipande vya molekuli za maji vilivyo vikali kikemia, zimeonekana kwenye mwanga wake. Ila hili la "plazma baridi" linanitia shaka. Mvuke wenyewe umezaliwa na mchemko, na chembe zilizosongamana humo hugongana mfululizo na kugeuza nishati yao kuwa joto. Ubaridi mwingi huletwa na maji yanayotiririka. Yakituama ndani ya bega, kwenye upasuaji wa viungo, joto hupanda na seli za gegedu hufa.

Kwenye upasuaji wa mafindofindo, ukaguzi wa Uingereza wa 2003 na 2004 ulikuta mbinu za joto, koblesheni ikiwemo, zikileta hatari ya kutoka damu takriban mara tatu ya ile ya kisu na uzi. Watetezi hujibu kwamba madaktari wengi walikuwa bado wanajifunza chombo kipya, na hoja hiyo siipuuzi. Lakini mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaopima tafiti za tiba, nayo yalikuta nafuu ya maumivu siku ya kwanza ni ndogo, na ushahidi wake dhaifu.

Kwenye tezi dume mambo ni mengine. Mbinu ya zamani ya kuikata kwa umeme hutaka ioshwe kwa kimiminika kisichopitisha umeme, kama maji ya glaisini. Kikiingia kwa wingi kwenye damu, sodiamu hushuka, mgonjwa huchanganyikiwa, hata kufa. Kwa kuwa plazma hii hufanya kazi ndani ya maji ya chumvi, hatari hiyo karibu inatoweka. Sifa hapo ni ya chumvi kuliko ya radikali, jambo ambalo matangazo hayalisemi.

Ncha nyingi za koblesheni hutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Hospitali yenye bajeti finyu ningeishauri inunue mashine ya tezi dume kwanza, na mafindofindo yaendelee kukatwa kwa kisu.