Kinyago Alichokichonga Stine

Kuna kauli imenichosha. R.L. Stine, Mmarekani anayetunga hadithi za kutisha za watoto na vijana, akitajwa tu, hakosi mtu wa kusema kwamba vitabu vyake ni vyepesi, kwamba mtu anayetoa kitabu kila mwezi hawezi kuwa na jambo la maana. Na wanaosema hivyo aghalabu ni walimu au wahariri, watu ambao mtoto anategemea mikono yao kupata kitabu. Hilo ndilo linaloniuma.

Kasi ni kweli. Goosebumps, mfululizo wake wa watoto, ilianza Julai 1992, na mfululizo wa kwanza ulipofungwa Desemba 1997 vilikuwa vimetoka vitabu 62. Miaka hiyohiyo alikuwa na Fear Street mkononi, ya vijana, iliyoanza 1989. Ila tazameni anavyofanya kazi. Kwanza anatafuta jina la kitabu. Pili anaamua mwisho. Halafu anaandika mpango wa sura zote, moja baada ya nyingine: nani yuko wapi, nini kinamtokea, sura inakatikia wapi. Mpango huo unapita kwa mhariri, unarudishwa, unatengenezwa upya, na hapo hata sentensi moja ya kitabu chenyewe haijaandikwa. Akianza kuandika, ni maneno kama 2,000 kwa siku mpaka kitabu kiishe. Kuandika kunaenda mbio kwa sababu kufikiri kumekwishafanyika.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mtunzi wa hadithi za kutisha yuko hivyohivyo. Anajua kila pembe ya kinyago chake, na kwa kuwa hakimtishi ndiyo maana anaweza kupima kitamtisha mtoto kiasi gani na kwa muda gani.

Chukueni The Haunted Mask, kitabu cha 11 cha Goosebumps, cha mwaka 1993. Chimbuko lake ni jambo dogo la nyumbani: mtoto wa Stine, Matt, alivaa kinyago cha Frankenstein, lile dude la filamu za kutisha, kikagoma kuvulika. Baba mwingine angecheka yakaishia hapo. Stine alimwona akilini msichana wa miaka 11, Carly Beth, ambaye kila mtu shuleni anamtisha kwa mchezo, hadi wavulana wawili wanamtilia mnyoo ndani ya mkate wake. Usiku wa Halloween, ambapo watoto wa Marekani huvaa vinyago na kutembea nyumba hadi nyumba, anataka kulipiza. Ananunua kinyago kibaya ambacho mwenye duka mwenyewe hataki kukiuza. Anakivaa, sauti yake inabadilika, anatamba mitaani. Kisha anataka kukivua. Anapapasa shingo akitafuta ukingo wa kinyago, mahali mpira unapoishia na ngozi inapoanzia, na ukingo haupo. Rafiki yake anamsaidia kutafuta, naye hauoni.

Hapo hakuna damu wala mzimu. Kuna vidole vinavyotafuta mstari shingoni. Kila mtoto ana shingo na kila mtoto ana vidole, kwa hiyo msomaji anajipapasa mwenyewe bila kuambiwa.

Sasa rudini mwanzo wa kitabu. Mama yake Carly Beth amemfinyangia kwa plasta sanamu ya kichwa cha Carly Beth mwenyewe. Msomaji anaiona kama zawadi tu, tena Carly Beth haipendi. Baadaye anaichomeka kwenye mpini wa ufagio, anazunguka nayo ili kutisha watu. Hiyo ni mara ya pili. Mara ya tatu, mwenye duka amekwisha kumwambia kwamba kinyago kitatoka kwa ishara ya upendo tu, na kwa mara moja tu, na vinyago vingine vinamwandama gizani. Ndipo anapokumbuka kile kichwa cha plasta. Kitu kimoja, kazi tatu: zawadi, kitisho, wokovu. Mtunzi asiyejua mwisho wake angekiweka wapi kichwa hicho mapema namna ile? Angefika sura ya mwisho hana kitu, akaleta malaika au polisi.

Sura zake ni fupi, kama 30 katika kurasa 120 na ushei, na karibu kila moja inakatikia mahali pabaya: mkono begani, mlango unafunguka, sauti nyuma. Nakiri, mara nyingine anazidisha. Mkono begani unakuwa wa kaka mtu, kisha wa jirani, kisha wa kaka mtu tena, na mtoto makini anaanza kugundua. Hofu ya uongo inafaa pale tu inapomshusha msomaji pumzi ili hofu ya kweli imkute hajajiandaa. Zikifuatana tatu, taharuki imekufa.

Kuhusu umri anajua mpaka. Katika Goosebumps anahakikisha mtoto anafahamu kwamba jambo hili haliwezi kutokea, na mambo mazito ya dunia, kama bunduki na dawa za kulevya, anayaacha nje. Kwa vijana mambo yanakaribia maisha yao, na watu wanakufa. Hata hivyo, kijana naye ana mkataba wake. Katika The Best Friend, kitabu cha Fear Street cha 1992, Stine alimwacha mwovu ashinde na asiye na hatia abebe lawama. Wasomaji walikasirika, wakamwandama kwa malalamiko, na ikabidi aandike kitabu cha pili ili kuweka mambo sawa. Kwa maoni yangu walikuwa na haki. Hofu ni safari ya kwenda na kurudi, na yeye safari ile aliwaacha njiani.

Wanaojaribu kumwiga, hata kwa Kiswahili, huanzia kwenye zimwi. Ukurasa wa kwanza tayari linaelezwa: macho mekundu, kucha, urefu wake. Likishaonekana lote, halina kazi tena. Katikati anakuja mjomba au mganga anatatua kila kitu, ilhali katika vitabu vya namna hii watu wazima lazima wawe hawapo, au wasiamini, au wawe wenyewe ndio hatari. Mtoto ajikwamue kwa alichonacho. Mwishoni linabandikwa funzo la utii. Bibi zetu walipoanza na paukwa, pakawa, walikuwa wamekwisha kumwekea mtoto mlango wa kuingilia na wa kutokea. Zimwi lilimeza kijiji kizima na watoto tukalala salama, kwa kuwa tumbo la zimwi lilipasuliwa watu wakatoka.

Stine naye anapasua tumbo. Carly Beth anarudi nyumbani, kinyago kiko mkononi, uso ni wake. Mtoto anashusha pumzi. Kisha, katika mistari ya mwisho kabisa, mdogo wake Noah anaingia chumbani, na kinyago kiko usoni kwake. Onyo la mwenye duka, kwamba kikishika tena hakitoki, lilitolewa kurasa nyingi nyuma, na hakuna anayelirudia. Msomaji wa miaka kumi analikumbuka peke yake.