Sikukuu ya Mwanachuo ni Siku Bumu Linapotoka

Miaka kadhaa iliyopita, mwanzoni mwa Agosti, nilichapisha vipeperushi 500 vya ofa ya Nane Nane kwa ajili ya steshenari yangu ndogo iliyokuwa Changanyikeni, nyuma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaahidi kwamba atakayeprinti kurasa 20 atabaindiwa bure. Vipeperushi vilipendeza, na kijana niliyempa kazi ya kuvigawa alikuwa mwaminifu, ila hakuona wa kumpa. Wanachuo walikwisha kumaliza mitihani ya muhula wa pili na kutawanyika, wengine makwao, wengine mikoani kwenye mafunzo kwa vitendo. Vipeperushi vilivyobaki, yaani karibu vyote, niliviandikia hesabu za duka upande wa nyuma hadi chuo kilipofunguliwa.

Kosa hilo nimeliona likirudiwa na wauza chipsi, wenye saluni, wauza mitumba na waoka keki wanaotegemea wanachuo. Tunachukua kalenda ya ukutani, tunazungushia wino sikukuu za taifa na za dini, kisha tunatangaza punguzo la bei, ilhali mteja wetu anaishi kwa kalenda nyingine kabisa. Kalenda yake huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, wageni wa mwaka wa kwanza wanapoingia na masanduku yao, hupitia mitihani ya muhula wa kwanza mnamo Februari, na hufungwa na mitihani ya katikati ya mwaka. Ndani yake imo siku isiyo na tarehe ya kudumu, ambayo kwa biashara ndogo inaizidi Krismasi kwa mbali, nayo ni siku bumu linapotoka.

Bumu, kwa asiyelijua, ni fedha ya chakula na malazi anayopewa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mwaka 2022 kiwango kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku, lakini fedha hazitolewi kwa siku. Huja kwa mkupuo wa takriban miezi miwili, na ndiyo maana kijana ambaye jana aligawana sahani ya wali maharage na mwenzake leo anaagiza kuku mzima. Baada ya wiki chache anakuwa amefulia, kama wenyewe wanavyosema, naye huhesabu siku akisubiri awamu nyingine.

Wengi wetu tukisikia bumu limetoka hukimbilia kutangaza, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu. Wiki hiyo kila mtu anauza, hata asiyejua kuuza, na punguzo unalolitoa unampa mtu ambaye angenunua kwa bei yako ya kawaida bila kulalamika. Tangazo lina kazi wakati wa ukata. Jirani yangu wa chipsi alilielewa hilo mapema kuliko mimi: wiki ya sita au ya saba alibandika mlangoni karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kwamba nusu sahani ya chipsi kavu ipo na hakuna atakayeulizwa kwa nini anataka nusu. Hakutumia zaidi ya karatasi na gundi, na bumu lilipotoka foleni ya kuku ilikuwa kwake.

Kukopesha nako ni tangazo, pengine tangazo kubwa kuliko yote, mradi daftari liandikwe vizuri na mkopaji asaini mwenyewe. Niliweka kikomo cha shilingi 5,000 kwa mtu, na waliotoroka walikuwa wachache kuliko nilivyohofia. Wapo wanaoshikilia kadi ya benki ya mwanafunzi, tena pamoja na namba yake ya siri, mpaka fedha ziingie. Huo kwangu si ukopeshaji wala si biashara, na sishangai kwamba mwanafunzi akishajinasua hapiti tena karibu na duka hilo.

Kuhusu njia ya kufikisha habari, nina maneno machache. Kila darasa lina kiongozi wake, CR, mwenye kundi la WhatsApp linalosomwa kuliko ubao wowote wa matangazo, na mimi nilimlipa kwa kumprintia kazi zake bure, naye akaweka tangazo langu mara moja kwa mwezi. Sikumwomba orodha ya namba za wenzake, ingawa niliwahi kushauriwa kufanya hivyo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika mwaka uliofuata, kukusanya namba za watu kiholela na kuwamiminia ujumbe si utovu wa adabu tu.

Tangazo langu lililofanya kazi kuliko mengine yote lilikuwa la wiki ya wageni wa mwaka wa kwanza. Nilichora kwa mkono ramani ya njia za chuo, mahali pa kusajiliwa, maktaba, zahanati, vituo vya daladala na migahawa nafuu, nikaitoa kopi kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, na nyuma yake nikaandika bei zangu za kopi, za picha za pasipoti na za kubaindi. Kipeperushi cha ofa hutupwa kabla ya kufika kwenye geti, lakini ramani hukunjwa ikawekwa mfukoni, na nilikutana nayo hadi Januari ikiwa imechakaa mikononi mwa watu nisiowafahamu.

Siku ya Wapendanao niliiacha kwa wauza maua, kwa kuwa huangukia karibu na mitihani, na Februari kilichojaza duka langu kilikuwa kopi za mitihani ya miaka iliyopita. Ramadhani inahitaji kufuatiliwa upya kila mara, maana hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na futari ya bei nafuu jirani na hosteli huuzika tu ikiwa chuo hakijafunga.

Mahafali yana hesabu yake, kwani siku hiyo mhitimu anavaa joho na wengine ndio wanaolipa: mjomba aliyesafiri usiku kucha kwa basi, shangazi mwenye kitenge kipya, mama anayetaka picha ya kutundika sebuleni. Hawa hawamo kwenye kundi lolote la WhatsApp la darasa. Niliwafikia kwa kumpa mhitimu, wiki mbili kabla, picha moja ya mfano pamoja na bei ya picha na fremu, aitume nyumbani yeye mwenyewe, na oda nyingi zilinifikia kutoka mikoani kabla sherehe haijafanyika, nyingine zikiwa zimeshalipiwa kwa simu.