Pave Low kuachia kazi Osprey: walikosea au walikuwa sahihi?

Tarehe 27 Septemba 2008 helikopta za MH-53 Pave Low za Jeshi la Anga la Marekani ziliruka misheni ya mwisho ya vita kule Iraq, siku 3 baadae zikastaafishwa rasmi, kazi yao ya kubeba makomandoo usiku wakapewa CV-22 Osprey, ile ndege inayopaa kama helikopta halafu inalaza mapangaboi mbele na kukimbia kama ndege ya kawaida. Mpaka leo ukigusa hii mada watu wanagawanyika. Wapo wanaosema Pave Low ilishachoka na hakukuwa na namna, wapo wanaosema walitupa kitu ambacho Osprey haitakaa ikiweze. Mimi naona pande zote zina hoja ila uzito wake haulingani.

Kwanza tuelewane hii ilikuwa helikopta ya namna gani, maana wengi wakisikia helikopta ya makomandoo wanawaza kitu kidogo chepesi. Pave Low ilikuwa ndio helikopta kubwa kuliko zote kwenye Jeshi la Anga la Marekani, uzito wa kuruka nao unafika kama tani 21, injini 2 na kila moja ina nguvu za farasi zaidi ya 4,000, inabeba askari 37 na ndani kuna watu 6 wa kuiendesha: marubani 2, mainjinia 2 na wapiga bunduki 2. Lakini ukubwa sio uliowapa jina, kilichowapa jina ni rada ya kufuata ardhi na kamera za joto, yaani dude zito namna ile linapita chini chini kwenye mabonde, usiku wa giza totoro, hali ya hewa mbaya, na linafika pale pale lilipotumwa.

Hiyo kazi ilitokana na msiba. Aprili 1980 Marekani walijaribu kwenda kuwatoa mateka wao Iran, wakatumia helikopta 8 za RH-53D za jeshi la majini, ambazo ni ukoo mmoja na Pave Low ila hazikuwa na vifaa hivyo. Vumbi la jangwani na ubovu vikazipunguza mpaka zikabaki nzima 5 wakati walihitaji zisipungue 6, misheni ikavunjwa, na wakati wa kuondoka helikopta moja ikagonga ndege ya C-130 wakafa watu 8. Baada ya hapo Pave Low, ambazo zilikuwa za uokoaji, zikahamishiwa upande wa makomandoo.

Na zikalipa. Usiku wa Januari 17, 1991, kabla mabomu hayajaanza kuanguka Baghdad, Pave Low ziliongoza Apache, helikopta za kushambulia za jeshi la nchi kavu, kwenda kupiga rada za Iraq karibu na mpaka wa Saudia. Apache zilikuwa na makombora lakini kwenye jangwa tupu lisilo na alama yoyote hazikuwa na uhakika wa kutosha wa ziko wapi, Pave Low zilikuwa na GPS, kwa hiyo zikatangulia na zilipofika sehemu iliyopangwa zikadondosha vijiti vya taa chini, Apache zikapita juu yake zikarekebisha mahesabu yao na kwenda kupiga. Mimi nikiulizwa Pave Low ilikuwa nini najibu kwa huo mfano tu, ilikuwa mtu anayejua njia.

Sasa wanaotetea Osprey wanasema nini? Wanasema kasi, na hapa wana haki kabisa. Pave Low mwisho wake ni kama kilomita 265 kwa saa, Osprey inatembea 400 na zaidi. Juni 2010 Osprey mbili zilitoka Kandahar mpaka Kunduz kuchukua watu 32 ambao helikopta yao ilianguka, zikavuka milima ya Hindu Kush kwenda na kurudi chini ya saa 4. Pave Low isingeweza, hewa nyembamba ya Afghanistan ilikuwa inaitesa hata kwenye safari fupi, na Novemba 2003 moja ilianguka karibu na Bagram ikaua watu 5. Halafu bodi zenyewe zilikuwa za miaka ya 60 mwishoni na 70 mwanzoni, unaweza kubadilisha injini na rada lakini chuma kikichoka kimechoka.

Mfano wa karibu na kwetu ni Bor, Sudan Kusini, Desemba 21, 2013. Osprey 3 zilikwenda kuwatoa raia wa Marekani, zikapigwa risasi kutoka chini wakati zinakaribia kutua, matundu 119 kwa jumla na watu 4 wakajeruhiwa. Zikageuza na kukimbia mpaka Entebbe, kama kilomita 800, huku zinavuja mafuta, kutoka hapo majeruhi wakapelekwa Nairobi kutibiwa. Nimeufikiria sana huu mfano kwa sababu unatumiwa na pande zote mbili. Mmoja anasema unaona, zikifika kwenye kutua zinakuwa nzito na wazi kama helikopta yoyote, kasi haikusaidia kitu. Kweli. Lakini mtu anavuja damu, tofauti ya saa 2 na saa 3 na zaidi ni uhai, na wote 4 walipona. Kwangu hapo Osprey ilishinda.

Isipokuwa Osprey ina mambo yake mawili yanayonisumbua. Upepo wake wa kwenda chini ni mkali mno, kumvuta mtu kwa kamba au kutua kwenye vumbi ni shughuli. Na giaboksi: Novemba 29, 2023 moja ilianguka baharini karibu na Yakushima, Japan, watu 8 wote wakafa, uchunguzi ukakuta gia imepasuka na pia kwamba rubani alipata onyo zaidi ya moja akaendelea na safari, Osprey zote zikasimamishwa miezi kama 3. Hapo ndipo unaona hatari ya kuwa na chombo kimoja tu kwa kazi moja, kikisimama huna kingine cha kushika.

Jeshi la nchi kavu hawakufanya hivyo. Wao makomandoo wao wanaruka na MH-47 Chinook, dude zito la mapangaboi mawili, na badala ya kuliacha wanaendelea kulifanya jipya. Kwa hiyo hoja kwamba helikopta nzito imepitwa na wakati haisimami, wenzao wa jengo moja pale Pentagon, makao makuu ya jeshi, hawaiamini.

Kwa hiyo jibu langu, kuzistaafisha Pave Low zilezile ilikuwa sawa, kosa ni kuacha nafasi yake ya helikopta nzito wazi. Na uchungu ni kwamba Jeshi la Anga walikaribia kuijaza, Novemba 2006 walichagua Chinook kwa ajili ya uokoaji, mpango wa helikopta 141, makampuni yaliyoshindwa yakakata rufaa na mkaguzi wa serikali akakubaliana nayo, mvutano ukaenda mpaka 2009 mpango mzima ukafutwa, waokoaji wakabaki na helikopta zao ndogo za HH-60.