Fenesi, Kiingereza na Dole Gumba Langu

Kosa langu lilikuwa haraka tu. Mama Rehema alishasema, "Paka kwanza mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu." Nikamjibu kwamba mimi nimezaliwa chini ya mfenesi, sifundishwi kupasua fenesi. Dakika mbili baadaye, vidole vitano vimekuwa kimoja.

Nikakimbilia sabuni. Jamani, utomvu wa fenesi ukiona sabuni unacheka! Nimemaliza nusu mche, povu limekwenda zake, utomvu umebaki palepale, tena sasa umeokota nyuzi za taulo, punje mbili za mchele na noti ya elfu mbili ya muuza maji. Yeye anavuta huku, mimi navuta kule. Wazee wa pwani walitega ndege kwa ulimbo. Leo ndege ni mimi.

Katikati ya mateso hayo anakuja Rehema na daftari la Kiingereza. "Baba, gunk ni nini?"

Nikamnyooshea mkono. "Hii hapa."

Hakuridhika. Mwalimu anataka na asili ya neno! Sisi tuliandika maana, tukala viboko vyetu, tukarudi nyumbani. Haya, nikabonyeza simu kwa kiwiko.

Kumbe gunk, hilo neno la mtaani la uchafu mzito unaonata, lilianza kama jina la sabuni! Sabuni nzito ya majimaji ya kutolea grisi, Marekani, mwaka 1932. Kufika 1949 jina limehamia kwenye uchafu wenyewe. Yaani umwite dobi, ukoo mzima ubaki ukimwita Doa. Nikatazama ule mche wangu wa sabuni, nikawaelewa Wamarekani kabisa.

"Na goo?"

Hilo nalo, la kitu laini kinachonata, ni la kwao, mwaka 1903. Wengine wanalihusisha na burgoo, uji mzito wa mabaharia. Uji, sawa. Uji hata ukikumwagikia unaoshwa ukatoka.

Mama Rehema akaleta chupa ya mafuta, akaiweka mezani bila kusema neno. Afadhali angesema. Nami kwa kujifanya sijamwona, nikaweka dole gumba kwenye daftari nimwonyeshe mtoto pa kuandika. Kuinua mkono, ukurasa ukaja nao.

Kesho mwalimu atauliza jibu la swali la tano liko wapi. Ninalo mimi, halitoki.