Mimi nipo upande wa adui

Sisi tuliokulia kibanda umiza tunaijua kanuni: steringi hafi. Adui atakula kichapo mwishoni hata kama ndiye mwenye akili. Lakini kwenye katuni za Marekani, adui akiwa mwanamke, mimi hushangilia upande wake, na sioni aibu.

Mtazame Wonder Woman, shujaa na binti wa malkia. Alitokea mwaka 1941, nguvu kama zote, na kamba ya dhahabu inayomtoa mtu ukweli atake asitake. Mwaka uliofuata mashujaa wenzake wa Justice Society wakamkaribisha chamani. Wakampa cheo gani? Ukatibu. Wanaume wanaondoka kwenda kupigana, binti wa malkia anabaki ofisini.

Sasa mtazame Catwoman, mwizi anayewindwa na shujaa Batman. Mwaka 1940, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Batman, anapanda boti ya matajiri akijifanya bibi kizee mgonjwa wa mguu. Mkufu alioiba kauficha ndani ya bandeji. Batman anamfuta vipodozi usoni: kumbe binti mbichi! Anajirusha majini, Robin, kijana msaidizi wa Batman, anataka kumfuata, na Batman, yule mkali asiyecheka na mwizi, anampiga kikumbo mtoto wa watu ili mrembo apate kutoroka. Huyu hakupewa wajibu wowote wa kuokoa dunia. Anautaka mkufu, basi. Ndicho ninachompendea: ana kitu anachokitaka mwenyewe.

Mwaka 1954 wachapishaji walijiwekea kanuni za maadili, mojawapo ikikataza mhalifu kuonyeshwa kwa namna ya kumfanya msomaji amwonee huruma. Catwoman akapotea kwenye vitabu hadi 1966. Joker, muuaji na adui mkubwa wa Batman, aliendelea kuonekana. Walimpunguza makali tu.

Lakini anayenimaliza kabisa ni Harley Quinn. Paul Dini na Bruce Timm walimbuni kwa ajili ya katuni ya Batman mwaka 1992, awe msaidizi wa Joker katika sehemu moja tu. Watazamaji wakanogewa, akabaki. Hadithi ya kitabu ya mwaka 1994 ikaeleza alikotoka: daktari wa wagonjwa wa akili aliyempenda mgonjwa wake. Humo Joker ana mtego alioukatia tamaa, wa kumtosa Batman kwenye tangi la piranha, samaki wenye meno makali. Tatizo lake? Samaki wale wamenuna, na yeye anataka watabasamu. Harley anapiga hesabu. Yeye peke yake anamkamata Batman, anamning'iniza kichwa chini miguu juu. Ukiwatazama samaki ukiwa hivyo, midomo yote inacheka.

Kazi iliyomshinda Joker miaka yote, msaidizi wake kaimaliza. Zawadi yake ni kusukumwa dirishani, aanguke hadi chini. Hospitalini, akiwa kajaa bandeji, anaapa kwamba sasa basi. Kisha anaona ua na kikaratasi cha pole kutoka kwa Joker, na uso wote unang'aa. Mnawajua watu wa hivyo. Mimi ninao kwenye ukoo.

Kwa hiyo alipopewa katuni yake mwenyewe mwaka 2019, niliogopa wangemtakasa. Wapi! Anaachana na Joker, halafu shida yake kubwa inakuwa kuingia kwenye chama cha wahalifu wakubwa kwa jina lake mwenyewe, tena akiwa na gongo la besiboli mkononi.