Maegesho ya Mwanjelwa: mkandarasi katunyang'anya, au tulikuwa tumeazima?

Ukiingia leo kwenye duka lolote kati ya yale yaliyotazamana na barabara kuu pale Mwanjelwa, Mbeya, salamu ikiisha tu unapewa malalamiko: wateja hawana pa kupaki. Upanuzi wa TANZAM, barabara kuu iendayo Zambia, kuwa njia nne, kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, umefika mlangoni. Mahali ambapo Noah na kirikuu zilikuwa zinajipanga mshazari mbele ya fremu, sasa pana mtaro, rundo la kokoto na utepe mwekundu na mweupe. Mteja anazunguka, anapigiwa honi na lori lililobeba kontena la Zambia, anasonya, anaondoka. Wenye maduka wanasema mradi umewaua kibiashara. Watetezi wa mradi wanajibu kwamba barabara haijengwi hewani, vumilieni, itakwisha.

Pande zote mbili zinakubaliana jambo moja bila kujua: kwamba maegesho yalikuwepo, yameondolewa kwa muda, na yatarudi. Mimi sioni kama yatarudi. Na nina shaka kama yalikuwa yetu.

Tuanze na hilo la pili. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati ya lami. Ndiyo iliyozidisha zile X kwenye kuta za watu kuanzia Dar es Salaam hadi Tunduma. Mjini ramani za mipango miji zina vipimo vyake pia, sawa, lakini chukua tu hizo mita 30 uzihesabu kwa hatua kubwa kuelekea madukani. Kwa majengo mengi ya kando ya TANZAM utakuwa umemaliza uwanja wote wa kupaki kabla hujafika thelathini, na kwingine utakuwa umeshapanda kibaraza. Kwa lugha nyingine, mwenye jengo alijenga hadi ukingo wa kiwanja chake, akaiachia barabara kazi ya kumhifadhia magari ya wateja. Akawapangisha watu fremu kwa bei ya "jengo lenye parking", wakati parking yenyewe ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu.

Hapo anayetetea mradi atashangilia. Asubiri kwanza. Kibali cha ujenzi hakitoki msituni. Kuna ofisi iliyoangalia ramani ya lile jengo, ikaona ghorofa kadhaa za maduka bila nafasi ya kutosha ya magari ndani ya kiwanja, ikagonga muhuri. Jiji likatoa leseni za biashara mwaka hadi mwaka na kukusanya ushuru wa huduma. Mtu aliyeachwa miaka yote hiyo atumie eneo la barabara, tena huku serikali ikipokea chake, hawezi kuambiwa ghafla kwamba alikuwa mvamizi na hana neno la kusema. Kisheria pengine hana. Kiungwana analo.

Tena anayeumia siye mwenye jengo. Huyu alishachukua kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, na mkataba wa fremu wa kawaida hapa mjini hauna hata mstari mmoja unaozungumzia ujenzi mbele ya duka. Taratibu zetu za fidia ya ardhi zinatambua posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, hata hasara ya faida, lakini kwa yule ambaye ardhi au jengo lake limetwaliwa. Mama mwenye fremu ya vitenge ambaye hajaguswa hata tofali moja, ila wateja wake wamekatwa na mtaro, hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.

Na hofu yake si ya kufikirika. Mbeya tumeshaona jinsi mteja anavyohama. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, wafanyabiashara walitawanyika, wengi wakaenda SIDO, eneo jingine la hapa mjini. Wakati soko jipya la ghorofa linajengwa na kukamilika, SIDO ilikuwa imeshakuwa soko lenye watu wake, kiasi kwamba hata moto wa Agosti 2017 haukuifuta. Mnunuzi akishazoea njia nyingine, humrudishi kwa kumwonyesha jengo zuri. Kwa hiyo mtu wa Jiji anaposema "ni usumbufu wa muda tu", mwenye duka anasikia kitu kingine kabisa, na historia iko upande wake.

Sasa ni nani hasa aliyekosa pa kupaki? Hapa ndipo mjadala unapochanganya mambo. Mteja wa rejareja wa Mwanjelwa, yule wa sufuria, sare za shule na viatu vya mtumba, kwa sehemu kubwa anakuja kwa daladala, bajaji au mguu. Huyu hakuwahi kuhitaji maegesho. Anachohitaji ni ubao imara wa kuvukia mtaro na mahali pa bajaji kusimama bila kukimbizwa. Anayehitaji gari mbele ya duka ni mteja wa jumla: mwenye duka wa Chunya, Rujewa, Kyela au Tukuyu anayekuja na kirikuu au kenta, anapakia marobota, madumu na katoni, na kugeuza siku hiyohiyo. Mteja mmoja wa namna hii anaweza kuwa mauzo ya siku nzima. Akishindwa kupakia hapa hahitaji kukasirika wala kulalamika kwa yeyote. Anapiga simu kwa muuzaji mwingine, mzigo unapakiwa kwenye basi, basi. Au anajizoeza kwenda Tunduma, kilomita mia na ushee tu, ambako bidhaa za mpakani zinamsubiri.

Kuna kundi la tatu ambalo halitajwi kwenye malalamiko kwa sababu ndilo linalolalamika: wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao. Nenda saa mbili asubuhi kwenye jengo moja pale, sitalitaja jina, ambalo limebakiwa na kipande kidogo cha uwanja ubavuni. Kabla hajafika mteja hata mmoja, uwanja umejaa. Nafasi iliyo karibu zaidi na mlango imewekewa kopo la rangi la lita 20 lililomwagiwa zege, katikati limechomekwa bomba la chuma. Mlinzi analiondoa kopo hilo gari la bosi likifika, na kulirudisha bosi akitoka kwenda kula mchana. Nimemwona akimkatalia mzee aliyekuja na pikapu kuchukua mabati: "Shikamoo mzee, samahani, hapa ni pa mwenye nyumba." Mzee akaitikia marahaba, akaenda kupaki upande wa pili wa barabara, na mabati yakavushwa kichwani na vijana wawili katikati ya malori.

Tufanye hesabu ndogo. Nafasi ya gari moja dogo ni kama mita mbili na nusu kwa tano. Gari likiingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, nafasi hiyo imehudumia mtu mmoja kwa saa kumi. Ikipangiwa nusu saa kwa kila anayepakia, inaweza kuhudumia magari ishirini. Tuseme nusu yake ipotee kwa uzembe, ubishi na mvua, bado ni kumi. Ukizipanga bajaji ubavu kwa ubavu zinaenea tatu hapohapo, na kila moja inaleta watu na kuondoka dakika hiyohiyo. Kipande kile kidogo kilichobaki kingetosha kuliweka jengo hai hadi mradi uishe. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia bosi apaki mbali na atembee.

Najua jibu la wenye maduka: gari ukiliacha kwenye mitaa ya nyuma linavunjwa taa, linang'olewa vioo vya pembeni, na jioni mtu amebeba mauzo. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Lakini mlinzi mmoja wa pamoja kwenye kiwanja cha kukodi mtaa wa nyuma, gharama ikigawanywa kwa fremu zote, ni hela ndogo kuliko mteja mmoja wa Chunya aliyepotea.

Mkandarasi naye ana kesi ya kujibu, na hapa nawaunga mkono wafanyabiashara bila kusita. Kuweka uzio na utepe ni wajibu wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haimpi hiari, na mtoto akitumbukia mtaroni hakuna atakayeuliza habari za maegesho. Lakini sheria hiyo haikumwambia achimbe mbele ya jengo zima kwa mpigo mmoja kisha mitambo ihamie kwingine, mtaro ubaki wazi wiki na wiki. Ungechimbwa kwa vipande, ukajengwa, ukafunikwa, ndipo kikaanza kipande kingine, kila duka lingekuwa na mahali pa kupitishia mzigo karibu muda wote. Atasema kuhamisha kijiko na mafundi mara kwa mara kunaongeza gharama na siku. Ni kweli. Gharama hiyo sasa inalipwa na mwenye fremu badala yake, na hakuna aliyemuuliza. Msimu wa mvua, ambao huku kwetu unachukua karibu miezi sita kuanzia Novemba, mtaro ulio wazi unageuka dimbwi na kokoto zinageuka tope; hata yule wa kutembea kwa mguu anaghairi.

Na ukitaka kulalamika, unalalamika wapi? TANZAM iko chini ya TANROADS. Mitaa inayochepuka kutoka TANZAM iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu uanzishwe mwaka 2017, na ndiyo yenye watu wa kuandikia magari ushuru wa maegesho. Leseni na soko ni vya Jiji. Kenta ikishusha mzigo mahali pasiporuhusiwa, anayekuja ni trafiki. Jambo dogo kama kutenga mita kumi za mtaa wa pembeni ziwe za kushushia mizigo kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu linahitaji ofisi zote hizo zikubaliane. Wafanyabiashara mmojammoja hawawezi kuzizunguka. Kwa pamoja, wakiwa na barua moja na ombi moja linaloeleweka, wana nafasi. Tatizo ni kwamba ombi linalosikika hadi sasa ni "turudishiwe parking yetu", na hilo halina ofisi inayoweza kulijibu.

Kwa sababu, na hapa narudi kwenye hoja yangu ya kwanza, barabara ya njia nne ikikamilika itakuwa na kingo za zege, mitaro iliyojengwa na njia ya waenda kwa miguu. Magari hayatapanda tena kutoka lamini kuja kusimama mshazari mbele ya vioo vya duka, popote dereva anapojisikia. Yataingilia pale palipoachwa njia, na palipoachwa njia ni suala la michoro inayotekelezwa sasa hivi, siyo siku ya kukata utepe. Wenye majengo wanaohesabu miezi wakingoja mambo yarudi kama zamani wanapoteza muda ambao wangeutumia kumfuata mhandisi mshauri na kumuuliza mlango wa kuingilia magari umepangwa wapi, na kama upo kabisa.

Jengo lile la kopo la zege, kwa mfano, lina uwanja nyuma. Umejaa mabati chakavu, matofali yaliyobaki wakati wa ujenzi na jenereta lisilowaka, na kuna kichochoro kinachoufikia kutoka mtaa wa pili. Mpangaji mmoja aliwahi kumshauri mwenye nyumba ausafishe. Akajibiwa kwamba mradi unakaribia kwisha.